Kutazama ndege Camargue mwanzoni mwa majira ya baridi: upepo, jua na saa ya bata

Camargue ni delta ya mto Rhône, kusini mwa Ufaransa. Mto hugawanyika juu kidogo ya mji wa Arles na kuingia Mediterania kwa mikono miwili, Grand Rhône upande wa mashariki na Petit Rhône magharibi. Katikati ya mikono hiyo kuna vinamasi, matete, mashamba ya mpunga, wangwa wa chumvi, na ziwa la Vaccarès lenye hektari kama 6,500 na kina kisichozidi sana mita 2. Kuanzia katikati ya Novemba hadi mwisho wa Desemba eneo hili hujaa bata, kukuziwa, heroe na korongo wa kijivu. Mbayuwayu na keremkerem wamekwisha kwenda zao Afrika, lakini waliobaki na waliowasili kutoka kaskazini ni wengi kiasi kwamba siku moja haitoshi.

Mgeni huja na orodha ya mahali, akazunguka yote kwa gari, kisha akaondoka amewaona bata kama punje za pilipili manga upande wa pili wa maji. Mahali alipafika. Alichokosa ni kujua upepo unatoka wapi, jua liko upande gani, na bata wamo katika sehemu gani ya siku yao. Mwongozo huu unafuata mambo hayo matatu.

Anza na upepo

Mediterania haina bamvua wala maji mafu ya kutazamia. Kujaa na kupwa ni kudogo mno, na kinachosukuma maji huku ni upepo. Mkubwa wao ni Mistral, unaoteremka na bonde la Rhône kutoka kaskazini na kaskazini-magharibi, mkavu na wa baridi kali. Ukishika kasi hupita kilomita 100 kwa saa. Ukivuma siku mbili tatu mfululizo, maji ya Vaccarès husukumwa kusini na ukingo wa kaskazini huachwa na tope wazi, ambalo vitwitwi hulivamia. Bata nao hutafuta demani, yaani upande uliokingwa na upepo. Kwa Mistral, demani ni chini ya ukingo huohuo wa kaskazini, kwa kuwa mawimbi hayajapata nafasi ya kukua. Barabara ya D37 inapita hapo, kwa hiyo siku ya Mistral bata wa Vaccarès huwa karibu nayo kuliko siku nyingine yoyote.

Upepo wa kusini-mashariki hugeuza mambo. Huleta mawingu na mvua, huipandisha bahari, hufunika tope la kaskazini, na bata huhamia upande wa mashariki na wa kusini wa ziwa. Baada ya dhoruba ya namna hiyo, simama ufukweni Saintes-Maries-de-la-Mer au Piémanson uangalie baharini: *Morus bassanus*, ndege mkubwa mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa, husogezwa karibu na nchi kavu.

Jioni ya kuamkia safari, tazama utabiri wa Météo-France. Soma mwelekeo na kasi ya vishindo vya upepo. Joto si muhimu sana. Chini ya kilomita 30 kwa saa, nenda popote. Kati ya 30 na 50, darubini ya tripodi itafanya kazi pale tu palipokingwa. Ukipita 60, achana na matete na tuta la bahari, na utumie gari kama kibanda cha kujifichia. Asubuhi inayofuata kutulia kwa Mistral ndiyo asubuhi bora ya wiki nzima: ndege wadogo waliokaa chini wakijikinga hupanda juu ya matete kuota jua na kula. Ukiwa na siku nne za kuchagua, ihifadhi hiyo kwa matete.

Jua liko chini siku nzima

Mwanzoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 11 jioni na dakika chache. Hata adhuhuri halipandi zaidi ya nyuzi 23 hadi 25 juu ya upeo, na liko kusini. Ukisimama kwenye D37, kaskazini mwa Vaccarès, unalitazama usoni kutwa nzima. Bata wote huwa vivuli vyeusi juu ya maji yanayometa, na watu hukata tamaa wakidhani darubini yao ni mbaya.

Ukingo wa mashariki, kwenye barabara ya D36B na kituo cha La Capelière, unatazama magharibi, kwa hiyo ni wa asubuhi. Upande wa Méjanes unatazama mashariki, nao ni wa alasiri. Tuta la bahari, Digue à la mer, linalotoka Saintes-Maries kuelekea mnara wa taa wa Gacholle, linakuwezesha kutazama mabwawa ya kaskazini huku jua likiwa mgongoni tangu asubuhi hadi jioni. Tuta hilo halipitiki kwa gari katika sehemu yake ya kati. Nenda kwa baiskeli au kwa miguu, na uhesabu kurudi, maana Mistral atakupiga usoni au ubavuni njia nzima.

D37 ina faida siku ya mawingu mazito au siku ya Mistral mkali, pale ukaribu wa ndege unapofidia mwanga mbaya. Siku hizo simama mwishoni mwa alasiri, jua likiwa limesogea kusini-magharibi, na uelekeze darubini kusini-mashariki.

Vifaa

Darubini ya mkono ya 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya milimita 42) inafaa hapa kuliko 10x42. Upepo hutikisa mikono, na jioni, wakati muhimu kuliko zote, 8x42 hupitisha mwanga mwingi zaidi jichoni. Darubini ya tripodi yenye lenzi ya milimita 65 hadi 85 inahitajika kwa Vaccarès, hakuna njia ya kuikwepa. Ianzie ukuzaji wa 20 hadi 30. Wengi hukimbilia 60 wakapata ukungu unaocheza: hata siku ya baridi, jua likipiga juu ya wangwa na maji ya kina kifupi hewa huchemka, na kadiri unavyokuza ndivyo unavyoukuza mchemko. Usipandishe nguzo ya katikati ya tripodi. Tanua miguu yake, iweke chini, kaa au piga goti, na utundike mkoba chini yake ukigusa ardhi kidogo. Mkoba unaoning'inia huru hubembea na kutikisa kila kitu.

Karibu na bahari chumvi hutua kwenye lenzi. Kuifuta kikavu ni kuikwaruza. Puliza vumbi kwanza, lowesha kitambaa cha lenzi kwa maji safi, futa taratibu, kisha kausha kwa kitambaa kingine. Nguo ziwe za tabaka, ya juu isiyopenya upepo, na glavu zinazoruhusu kidole kuzungusha gurudumu la darubini. Viatu viwe vya mpira au vya ngozi isiyopitisha maji. Novemba ikiwa tulivu na yenye joto kidogo, mbu bado wapo.

Saa ya bata

Bata wa Camargue katika msimu huu huishi maisha mawili. Mchana hulala, hujisafisha na kuchumbiana juu ya maji mapana yaliyo salama, hasa ndani ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1927. Usiku huenda kula kwenye vinamasi na mashamba ya mpunga yaliyovunwa na kujazwa maji. Korongo wa kijivu, *Grus grus*, hufanya kinyume: hula mashambani mchana na kulala wamesimama kwenye maji ya kina kifupi usiku. Kwa hiyo mara mbili kwa siku kuna makutano makubwa angani, na mtu aliyekwenda kula chakula cha jioni mapema huyakosa.

Siku nzuri inaweza kwenda hivi. Saa 1:30 asubuhi, kabla jua halijachomoza, uwe umesimama kandokando ya mashamba ya mpunga ya Mas d'Agon au Albaron. Sauti za korongo, mithili ya tarumbeta zenye koo kavu, husikika kabla hujawaona. Saa 3 uwe La Capelière, jua likiwa nyuma yako. Njia ya hapo ni fupi, kama kilomita moja na nusu, na ina vibanda. Ukiingia kibandani, fungua dirisha polepole, weka darubini kabla ya kutoa mkono, na usinyooshe kidole nje: bata wanaweza kuzoea kibanda lakini hawazoei mkono. Kaa dakika 20 kwenye kibanda kimoja. Anayekaa dakika tano huwaona wale waliokuwa wazi tu, maana *Anas crecca*, bata mdogo kuliko wote hapa, hulala ndani ya kivuli cha magugu na hutoka akijisikia.

Kati ya saa 6 na saa 9 mchana bata wamelala na hewa inachemka. Huo ndio wakati wa bustani ya ndege ya Pont de Gau, karibu kilomita 4 kaskazini ya Saintes-Maries, ambako njia za kilomita kama 7 zinapita katikati ya mabwawa na heroe husimama mita chache kutoka kwako. Domomwiko, kwarara, yangeyange na koikoi wamo pia.

Saa 10:30 jioni rudi D37, sehemu yenye nafasi halali ya kuegesha gari. Barabara hii huelekea mashariki na magharibi, na bata wa Vaccarès wakitoka kwenda kaskazini huivuka. Simama nje ya gari ukitazama magharibi, sambamba na barabara, ili wapite kati yako na wekundu wa anga. Korongo huwa wa kwanza, jua likikaribia kuzama, wakija kwa mistari mirefu. Kwezi huja kwa makundi yanayojikunja kama moshi na kuzama ndani ya matete kwa ghafla. Mwewe wa vinamasi, *Circus aeruginosus*, hukusanyika mmoja mmoja juu ya matete watakamolala.

Kisha kunakuwa kimya. Watu wengi huondoka hapo. Usiondoke! Robo saa hadi nusu saa baada ya jua kuzama bata wa kwanza hupita, watano, kumi, halafu mfululizo, wakiruka chini sana. Acha darubini ining'inie kifuani na utumie masikio. *Mareca penelope* hupiga mluzi mrefu unaopanda na kushuka. Dume la *Anas crecca* hutoa mlio mfupi mkali kama kengele ndogo ya baiskeli. *Anas platyrhynchos* utamjua kwa sauti ya mabawa yake, filimbi nyembamba inayorudiwa haraka. Ukiona kundi dogo linalopinda ghafla kwa pamoja, huyo ni *crecca*. Mwenye shingo ndefu na mkia uliochongoka ni *Anas acuta*.

Kuwatambua majini

Majina ya Kiswahili ya bata hawa hayajatulia, na vibao vya huku ni vya Kifaransa, kwa hiyo jifunze ya kisayansi. Mwanzoni mwa baridi madume mengi yamekwisha vua manyoya yao hafifu ya kiangazi, lakini si yote. *Spatula clypeata*, mwenye mdomo mpana kama mwiko, huchelewa: hadi Desemba dume anaweza kuwa na uso uliochafuka rangi na hilali nyeupe kati ya jicho na mdomo. Wasiomjua humgeuza kuwa spishi adimu kutoka bara jingine. Angalia mdomo kwanza, uso baadaye.

Kwa mbali, ambako rangi haionekani, soma sehemu nyeupe na nyeusi. *Mareca strepera* ni kijivu mwenye kitako cheusi na baka jeupe la mraba kwenye bawa. *Crecca* ana mstari mweupe wa mlalo juu ya ubavu na njano kando ya mkia. *Acuta* ana kifua cheupe kinachopanda shingoni kama uzi. *Netta rufina*, bata mzamiaji mwenye kichwa cha rangi ya kutu na mdomo mwekundu, huonekana hata kwa mita 800. Kukuziwa, *Fulica atra*, ni mweusi mwenye paji jeupe. Chunguza kundi lake vizuri, kwa sababu *rufina* na bata wengine hupenda kukaa humo. Juu ya maji mapana tafuta pia kibisi mwenye macho mekundu, *Podiceps nigricollis*, anayezama mara tu unapomlenga. Hesabu sekunde, umngojee mita kumi au ishirini pembeni ya alipozama.

Kuhesabu kundi kubwa kuna utaratibu. Hesabu bata 50 kwa kweli, mmoja mmoja. Kariri upana wa hao 50 ndani ya darubini, kisha upime kundi zima kwa kipande hicho. Makundi yaliyobanana katikati huhesabiwa pungufu karibu daima, basi chukua kipande kipya cha kupimia unapofika kwenye msongamano.

Kuhusu ndege wawindaji, msimu unakusaidia. *Circus pygargus* yuko Afrika, hivyo mwewe mwembamba wa kahawia mwenye mraba mweupe juu ya mkia mwezi Desemba ni *Circus cyaneus* karibu kila mara. Tai anayestahili kusubiriwa ni *Clanga clanga*. Ni wachache tu wanaokaa Camargue kila baridi. Mtafute juu ya mti mkavu kando ya vinamasi: mweusi-mweusi, mzito, mabega mapana, na akiruka mabawa huinamia chini kidogo. Shakivale wa kawaida, *Buteo buteo*, ni mdogo zaidi na huyainua mabawa anapozunguka.

Pete za heroe

Tangu mwaka 1977 makinda ya heroe wa Camargue huvishwa pete za plastiki zenye herufi na tarakimu, na taasisi ya Tour du Valat, iliyoanzishwa na Luc Hoffmann mwaka 1954, hufuatilia maisha yao. Wewe unaweza kuchangia. Pete iko juu ya kiungo cha mguu, ile sehemu inayodhaniwa kuwa goti. Chagua heroe aliyesimama kwenye maji yasiyofika kiungo hicho, asiyelala kwa mguu mmoja, akiwa ndani ya mita 200 au 300. Soma kutoka chini kwenda juu. Andika mguu gani, rangi ya plastiki, rangi ya maandishi, na kila alama pamoja na vistari. Soma mara tatu heroe anapogeuka, kwa kuwa pete ni ya mviringo na B huonekana kama 8 ukingoni. Herufi usiyo na hakika nayo iandike alama ya kuuliza. Kukisia huzalisha heroe asiyekuwepo.

Ukiwa unasubiri, tazama kundi. Desemba uchumba umeanza. Heroe kumi, ishirini, hunyoosha shingo wima na kuzungusha vichwa kushoto na kulia kwa haraka, halafu mmoja hufunua mabawa, wekundu na weusi vikawaka kwa sekunde mbili, akayafunga, na wa jirani akafuata. Kisha wote hutembea pamoja kwa hatua fupi fupi na kugeuka kama askari. Vijana wa kijivu huzurura kando wakiendelea kula.

Matete

Hapa msimu unarahisisha mno. Shore wa matete wa kiangazi wako Afrika, kwa hiyo ndege mdogo wa kahawia mwenye michirizi, kofia nyeusi na nyusi nyeupe pana, anayetembea karibu na maji chini ya matete, ni *Acrocephalus melanopogon*. Sauti kali inayolipuka kichakani kisha ikakatika ni *Cettia cetti*, huimba hata baridi. *Remiz pendulinus* hujitambulisha kwa pamba: ukiona nyuzi nyeupe zikipeperuka kutoka vichwa vya magugu marefu ya kahawia, kuna kundi linayafumua kutafuta wadudu. Nenda kwenye njia ya Marais du Vigueirat, Mas-Thibert, ng'ambo ya mashariki ya Grand Rhône. Ukitoka Salin-de-Giraud kuna kivuko cha Barcarin.

Siku ya Mistral isiyovumilika

Ondoka delta. Kwenye miamba ya chokaa ya Les Baux-de-Provence, katika milima ya Alpilles, *Tichodroma muraria* huja kupitisha baridi: ndege wa kijivu anayepanda ukuta wa jiwe akifunguafungua mabawa mekundu. Tafuta miamba iliyokingwa na yenye jua, pitisha macho bila darubini ukingoja cheche nyekundu. *Prunella collaris* huokota mbegu chini ya kuta za ngome. Jua likizama ngojea bundi mkubwa, *Bubo bubo*, ambaye mwanzoni mwa baridi huanza kuita. Nyika ya mawe ya Crau ina tandawala mdogo, *Tetrax tetrax*, na firigogo *Pterocles alchata*, ambaye Ufaransa nzima yuko hapo tu. Kuingia Peau de Meau, sehemu ya nyika hiyo, kunahitaji ruhusa kutoka Maison de la Crau mjini Saint-Martin-de-Crau.

Yanayoharibu safari

Gari ndilo la kwanza. Pembeni ya barabara kuna mifereji, na ukingo wake ni laini baada ya mvua. Wangwa nao huonekana mkavu juu ilhali chini ni uji. Usitoe tairi hata moja nje ya lami au kokoto. Ndani ya gari zima injini kabla ya kutazama, mtetemo hufuta picha, na egemeza darubini kwenye mfuko wa mchele juu ya kioo kilichoshushwa nusu.

Uwindaji wa ndege wa majini unaendelea hadi tarehe 31 Januari, na sheria inaruhusu kuwavizia bata saa mbili kabla ya jua kuchomoza na saa mbili baada ya kuzama. Yaani saa zako bora ni zao pia. Baki kwenye barabara ya umma au ndani ya hifadhi, usiingie shamba la mtu, na ukisikia milio ya bunduki mfululizo upande mmoja, bata watahamia upande mwingine: fuata huko. Usikaribie kundi lililolala ili upate picha. Bata akiinua kichwa, simama. Wote wakigeuka na kuanza kuogelea wakikupa mkia, rudi nyuma, kwani kila ruko la mchana hula akiba ya mafuta waliyoitafuta usiku kucha.

Andika daftarini palepale, vidole vikiwa bado na joto: saa, upepo, ulipokuwa umesimama na ulikokuwa unatazama, spishi, idadi, na kama umehesabu au umekadiria. Hesabu ya kimataifa ya ndege wa majini hufanyika katikati ya Januari, na daftari la Desemba lenye mwelekeo wa upepo litakuonyesha ukingo wa kuanzia.